Cheti Kilichoning'inia kwa Dokta Koti

Alhamisi, tarehe 14 Machi. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, na baridi ilikuwa ikipenya chini ya mlango.

Ndiyo siku niliyosoma maneno machache ukutani.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Kwa miaka kumi na tisa nilipima watu kwa kamba yenye mafundo, kwa sababu namba sikuzijua, wala herufi. Mteja akiuliza, namwambia, "Ndiyo mtindo wangu." Anacheka, yanaisha.

Miezi minne kabla ya siku hiyo nilianza masomo ya jioni. Nilimwomba Mungu jambo moja tu: nisome Neno lake kwa macho yangu kabla sijafa.

Sasa, asubuhi hiyo mdogo wangu aliamka amevimba uso. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na shemeji, dereva wa lori, alikuwa safarini.

"Dada, kichwa kinapasuka. Tangu jana. Na sasa nakuona wawili."

"Afadhali. Mmoja atafua, mwingine atapika."

Hakucheka. Huyu anayecheka hata msibani, hakucheka.

Hapo nikajua maji yamezidi unga.

Kituo cha afya kiko dakika saba kutoka kwetu. Sikumpeleka huko.

Niseme ukweli, Mungu ananiona. Zamani niliwahi kwenda pale, karani akanisukumia fomu dirishani. "Mama, jaza hapa." Nikamwambia nimeacha maziwa jikoni. Nilitoka mbio na sikurudi tena.

Kwa Dokta Koti, mtoa dawa wa mtaani kwetu, hakuna fomu. Unaingia, unaeleza, unafungiwa vidonge kwenye karatasi. Ana koti jeupe, na ukutani ana cheti ndani ya fremu ya kioo. Mtaa mzima tulikiheshimu.

Na koti lile nililishona mimi! Nilimpima kwa kamba yangu. Lakini siku alipolivaa, hata mimi nikaanza kumwita dokta.

Tulimkuta anatazama saa.

"Haraka, mama. Leo Alhamisi, saa nne nina mkutano wa madaktari."

"Ni kichwa, dokta. Na macho."

Hakumgusa. Hakumpima chochote.

"Uchovu wa mimba huo. Nampa vidonge vya usingizi. Alale, asisumbuliwe."

Akaingia chumba cha nyuma kuvichukua.

Mdogo wangu akaniegemea. "Dada, hapa chini ya mbavu panachoma."

Nikafumba macho. Baba, nionyeshe cha kufanya.

Nilipofumbua, macho yakatua kwenye cheti. Miaka yote nilikuwa nakitazama. Kukisoma, sijawahi.

Nikaanza kama tunavyofundishwa darasani, kidole hewani. Che-ti. Cha ma-fu-nzo. Ya wi-ki mbi-li.

Wiki mbili?

U-te-nge-ne-za-ji wa ma-jo-ko-fu.

Nikarudia. Labda nimekosea, mwanafunzi wa miezi minne mimi. Jo-ko-fu. Haikubadilika.

Nilikuwa nimemleta mdogo wangu kwa fundi wa friji.

Dokta Koti akatoka na vidonge mkononi. "Maji ya kunywea yako hapo."

"Asante. Tunaondoka."

"Kwenda wapi? Kituoni? Watampanga foleni mpaka ajifungulie kwenye benchi!"

"Bora benchi lao kuliko jokofu lako."

Aligeuka akakitazama cheti chake. Nadhani alijua mtaani petu nani anasoma na nani hasomi, na mimi alinihesabu kwa wasiosoma.

Dakika saba zile zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Mdogo wangu aliburuta miguu, akisimama kila hatua kumi. Nilisali kwa sauti njia nzima, watu wakigeuka kutazama. Watazame.

Dirishani alikuwa karani yule yule, sasa ana mvi. Akavuta fomu.

"Kaka," nikasema, "kuandika sijaweza vizuri."

Sikuwahi kumwambia mtu maneno hayo nje ya darasa letu.

"Si unitajie tu, mama? Nusu ya watu hapa nawaandikia mimi. Mgonjwa anasikia nini?"

Nikamtajia. Nilipofika kwenye macho, akaiweka kalamu chini.

"Mkunga! Njoo huku! Fomu itasubiri."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote ile nilikimbia karatasi ambayo ningeandikiwa.

Mkunga akamfunga mkanda wa presha, akaangalia, akapima tena.

"Amemeza dawa yoyote?"

"Hapana. Kuna mtu alitaka kumpa za usingizi, alale."

"Angelala kweli." Alikuwa tayari anavuta dawa kwenye sindano. "Hizi ni dalili za kifafa cha mimba, mama. Karani, ita gari la wagonjwa, anakwenda hospitali kubwa sasa hivi!"

Pazia likafungwa. Nikakaa kwenye benchi, nikainamisha kichwa, nikaomba mpaka maneno yakaniishia.

Niliponyanyua macho, jirani yangu kwenye benchi alikuwa mwanamume mwenye kadi ya kliniki mkononi. Koti hana.

Dokta Koti.

"Mkutano umeanza?" nikamuuliza.

Kabla hajajibu, muuguzi akaita mlangoni. "Mzee wa presha! Miaka sita hukosi Alhamisi yako. Wangekuwa wote kama wewe!"

Benchi zima likamgeukia. Kuna mama alikuwa na vidonge vya Dokta Koti mfukoni. Akavitoa, akavitazama, akamtazama yeye.

Nisikuache roho juu, ndugu msomaji. Mpwa wangu alitolewa kwa upasuaji mchana ule ule, kilo mbili na kidogo, na mama yake amerudia kucheka ovyo. Nilitaka kusoma Neno la Mungu, na Mungu akaanza kunifundisha kwa neno la majokofu. Aibu si daktari. Usiiache ikuchagulie mlango wa kuingia.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale kwenye benchi sikujua bado kama nitamwona tena mdogo wangu akiwa hai. Sikumtukana yule mtu, maana koti lilitoka mikononi mwangu.

Nilisimama tu. Karani alikuwepo, muuguzi alikuwepo, wagonjwa kumi na kitu walikuwepo.

"Naahidi mbele za Mungu na mbele yenu," nikasema. "Cherehani yangu haitashona tena koti jeupe mpaka nisome cheti cha atakayelivaa, neno kwa neno. Na lile nililokwisha kushona, leo hii nitalifumua mwenyewe, mshono kwa mshono."