Odeta na Mota ya Waipa

Odeta hakuwa mtu wa kukaa. Hata ugali aliula amesimama mlangoni, macho yakiwa kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba yao pale Nyakato. Humo ndimo ilimokuwa mashine yake ya kuchonga chuma, iliyompatia jina mjini na hata kwenye visiwa vya ziwani. Sasa ilikuwa imefunikwa turubai. Odeta alikuwa ameteleza kwenye mawe ya Igogo, akauangukia mkono wa kulia, na daktari akaufunga hogo la plasta hadi kwenye kiwiko.

"Pumzika," daktari alimwambia, kana kwamba hilo ni jambo rahisi.

Mumewe, Malimi, alikuwa kazini mgodini, upande wa Geita. Kwa kuwa alimjua mkewe, alimpigia simu mama yake mzazi, na mama mkwe huyo, Mama Getruda, akaja kutoka Misungwi na begi lake. Akaweka kigoda chake palepale kwenye mlango wa kibanda, akaanza kuchambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Kufuta vumbi tu."

"Vumbi halina haraka."

Odeta akageuka. Aliufagia uwanja kwa mkono wa kushoto, kisha akaufagia tena ingawa haukuwa na hata jani. Alilala akaamka, akakaa akainuka. Kichwani alikuwa na shafti ya mtumbwi wa injini wa Shimba, mvuvi wa kisiwani Nansio. Ilibakia kuchongewa mfereji tu ili propela ishike, na Shimba alikuwa amekwama ufukweni bila kuvua.

Siku Mama Getruda alipokwenda sokoni, Odeta alitoa turubai. Aliwasha mashine, akaanza kuzungusha kwa mkono wa kushoto mpini wa meza, ile inayopeleka chuma kwenye kisu. Kazi ile inataka mwendo mmoja, polepole, bila kusita, na mkono wa kushoto ulikuwa unashtukashtuka. Kisu kikalia vibaya. Alipozima, Mama Getruda alikuwa amesimama nyuma yake, kapu mkononi.

"Kwa hiyo mimi nimeletwa hapa kulinda mchele?"

"Mama, mkono wa kulia sijaugusa."

"Na huo wa kushoto ukivunjika, utamlisha nani? Utalishwa!"

Odeta aliutazama ule mpini. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Basi isizungushwe na mkono kabisa."

Kesho yake aliletewa mota ya waipa, ile ya kufutia kioo cha mbele, iliyotolewa kwenye lori bovu. Ni mota ndogo, lakini ina nguvu na haina papara. Aliunganisha betri ya gari na kitufe cha kupunguza mwendo, kama kile cha sauti ya redio. Kuifunga kwenye mpini ndiko kulikomshinda. Ukishika mota, nani akaze bolti?

"Mama, naomba unishikie hapa."

Mama Getruda aliitazama grisi, akautazama mkono wake. "Nishike vipi?"

"Kama unavyoshika plau, ng'ombe wakivuta."

Hilo alilijua. Alijifunga khanga kiunoni, akashika, na mota haikusogea hata unywele.

Jaribio la kwanza, meza ilitembea yenyewe. Odeta alicheka kwa sauti, akarudi nyuma kuitazama vizuri, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Meza ilipita mahali pa kusimama, jiriwa, kibano kilicho juu yake, ikakigonga kisu, kisu kikapasuka paa! Kipande kikatoboa bati. Mama Getruda aliung'oa waya wa betri, kisha akaketi chini, akihema.

"Hii inakwenda tu? Haina wa kuiambia basi?"

"Aliyekuwa akiiambia ni mkono wangu," Odeta alisema.

Alitoka nje, akauzunguka uwanja mpaka kuku wakamkimbia. Kisha akarudi. Alitafuta swichi ndogo, akaifunga mwishoni mwa njia ya meza, ili meza ikiigusa umeme ukatike. Aliijaribu bila kisu, tena na tena. Kila mara ilisimama.

Ndipo wakaweka shafti. Kisu kipya kilikata taratibu, na chenga za chuma zikaanguka sawasawa. Odeta hakujua ajishughulishe na nini. Mkono wa kushoto ulikwenda kwenye mpini, Mama Getruda akaupiga kofi. Ukarudi tena, akaupiga tena.

"Tulia, mwanangu. Inajua njia."

"Naona, mama. Ndiyo maana siwezi kutulia."

Shafti ilisafirishwa Nansio kwa meli ya asubuhi. Jioni Malimi alipiga simu kuuliza kama mkewe anapumzika. Mama Getruda alikuwa akifuta grisi kwenye kucha.

"Mkono unapumzika," alijibu. "Hayo mengine usiniulize."

Odeta hakumsikia. Alikuwa ameinama chini ya mashine, akikagua ule mpini mwingine, wa kupandisha meza juu.