Siku Bafu Langu Jipya Lilipoingia Sebuleni

Jamani, nichekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza kueleza sitaki mtu anikatize, na nayaeleza kwa mdomo wangu mwenyewe kwa kuwa najua mshayasikia huko Mtongwe yakiwa yametiwa chumvi (eti kuna mgeni alichukuliwa na maji mpaka barabarani, wallahi si kweli, hakuna aliyefika hata mlangoni). Aibu niliyoipata siku ile sijapata kuipata, na mimi ni mtu niliyewahi kuanguka na sinia la pilau katikati ya harusi ya watu.

Mimi kazi yangu ni kushona mapazia, na kazi hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu naitwa kwenye majumba ya Nyali kupima madirisha, na ukishapima la sebule utaambiwa pita upime na la bafuni, na huko bafuni ndiko nilikoona mambo. Vigae vyeusi vinavyong'aa mpaka unajiona meno, sinki kama bakuli la shurba limekaa juu ya ubao bila mguu wala nini, kioo kimezungukwa na taa, mmea umesimama pembeni kama mgeni mwenye adabu, na kubwa kuliko yote, hakuna bomba hata moja linaloonekana. Maji yanatoka ukutani tu, kama baraka. Halafu narudi kwangu Likoni naingia bafuni kwetu, nakuta birika la saruji alilolijenga marehemu baba mkwe, mfereji wa chini wa kutilia udhu, kopo la plastiki lenye ufa, na mabomba yametambaa ukutani kama mishipa ya shingo ya mtu anayegomba. Roho inanisinyaa. Wenzangu wakimaliza kazi wanatazama tamthilia, mimi nafungua simu natazama mabafu. Mume wangu Swaleh akaniuliza siku moja, "Mama Nasra, bafuni mtu anaingia akatoka. Kwani wewe wataka kuhamia?"

Sasa binti yetu Nasra akaposwa na kijana wa Kisauni. Wanaume wakakutana, wakazungumza, mambo yakawa mazuri, ikabaki siku ya wanawake wa upande wao kuja kutujua na kumuona binti. Nami nilishapenyezewa kwamba mama wa kijana, Bi Saada, moyo wake ulikuwa kwa msichana mwingine, jamaa yao wenyewe, na kwamba ameambiwa sisi ni watu wa maringo. (Maringo gani na kopo lina ufa?) Badala ya kunyamaza nikasema huyu mama lazima aingie nyumba hii atoke hana la kusema. Nikamwita fundi.

Fundi Kitsao ni mtu mpole, ukimwambia jambo analifanya, habishani. Nikampa simu akazitazama picha moja moja, akatikisa kichwa kwa kupendezwa, kisha akaniuliza mabomba nataka yapite wapi. Hapo ndipo nilipolitamka neno lililoniangamiza. Nikamwambia, "Sitaki kuona bomba. Ficha yote."

"Na koki ya kufungia maji?"

"Hiyo ndiyo uanze nayo," nikamwambia, kwa sababu ilikuwa nyekundu na vigae ni vyeusi, haviingiliani.

Basi akaificha, kigae kikapita juu yake, ukuta ukawa laini kama kitambaa cha hariri. Birika likavunjwa, mfereji wa chini ukazibwa, na kizingiti cha mlangoni nacho nikamwambia aking'oe ili sakafu iwe moja tu kutoka ukumbini, kama pichani. Na lilipendeza, nisiwe mwongo. Nilisimama pale nikatokwa na machozi, Swaleh akadhani nimepata habari ya msiba.

Siku ya wageni ikafika. Biriani ilianza kupikwa alfajiri, tangi la juu ya paa tumelijaza maji ya kununua mpaka shingoni, Nasra amepakwa hina mikononi na kukalishwa chumbani, ameambiwa asitoke mpaka aitwe. Wageni tuliwatarajia baada ya Adhuhuri, lakini feri iliwaweka, wakaingia Alasiri inabisha hodi. Bi Saada alikuwa mbele, mwanamke mrefu, hana maneno mengi, jicho lake linapita juu ya vitu kama la mtu anayenunua samaki. Nyuma yake alishikwa mkono mama mkwe wake, Bi Tima, bibi wa huyo kijana, mzee mdogo wa umbo mwenye magoti mabovu na sauti tamu sana. Wengine walikuwa mashangazi.

Nikawakaribisha, shikamoo zikajibiwa, tukaketi. Na mimi sasa kilichobaki moyoni ni kimoja tu, mtu aombe msalani. (Cheka, cheka tu.) Nikamimina juisi ya ukwaju. Wakanywa, wakashukuru. Nikamimina tena. Nikasema kama kuna anayetaka kunawa mikono asione haya, wakasema, "Twashukuru, tumenawa." Nikaleta madafu. Bi Saada akaniangalia, akamnong'oneza shangazi mmoja, nadhani aliona ninataka kuwapasua. Binadamu hawa walikuwa na vibofu vya chuma!

Ndipo adhana ikalia, na Bi Tima akainua uso akasema, "Mwanangu, nionyesha pa kutilia udhu."

Nilimpenda pale pale. Nikamshika mkono mimi mwenyewe, nikampeleka polepole ukumbini, nikafungua mlango, nikawasha zile taa za kioo. Akasimama. Akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Mashaallah," lakini ile mashaallah ya mtu aliyepotea njia. Nami kwa kiburi sikuisikia. Nikamwambia, "Jisikie kwako, mama," nikamfungia mlango, nikarudi sebuleni kifua mbele.

Hebu fikirini yule mzee mle ndani. Birika hakuna. Mfereji wa chini hakuna. Kopo hakuna. Shawa iko juu, akiifungua italowesha buibui lote. Maji yako mahali pamoja tu, kwenye lile bakuli la shurba. Akanawa mikono, akasukutua, akaosha uso na mikono mpaka viwiko, akapaka kichwa, ikabaki miguu. Angefanyaje? Akaushika mlango, akasoma bismillahi, akainua mguu akautia kwenye sinki.

Sisi tulisikia kishindo. Kisha tukasikia mlio kama wa nyoka. Kisha Bi Tima, kwa ile sauti yake tamu, "Mwanangu, njoo! Nimevunda chombo chako!"

Nikaruka. Nilipofungua mlango, ule ubao ulikuwa umeng'oka, bakuli limepasuka sakafuni, na kutoka ukutani, pale penye baraka, maji yanatoka kwa ghadhabu. Bi Tima alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha choo, mzima alhamdulillahi, mguu mmoja bado hewani. Nikapiga hatua moja kumwendea. Vigae vyeusi vinavyong'aa, ndugu zangu, vikiloa ni samli. Nilikwenda chini kwa makalio mbele ya Bi Saada na mashangazi wote waliokuwa wamenifuata nyuma, leso yangu mpya ikaelekea kule na mimi huku, na maji kwa kuwa hayana kizingiti cha kuyazuia yakapita juu yangu yakashika njia kwenda sebuleni, kwenye zulia.

Swaleh, aliyekuwa nje barazani, akaja mbio kikoi mkononi. "Funga koki!"

"Imefichwa!"

"Wapi?"

"Nyuma ya kigae!"

"Kigae kipi?"

Nikatazama ukuta. Vyote vyeusi. Vyote sawa. Fundi alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno.

Koki ya kwenye tangi nayo ilishaota kutu siku nyingi, haigeuki hata kwa dua. Nyundo haikuonekana, Swaleh akachukua mchi wa kinu. Akabisha kigae kimoja kusikiliza kama ndani pana uwazi, shangazi mmoja akamwambia, "Si hapo, jaribu hapa," mwingine akasema hapa, na yeye akawa anavunja kwa kura. Cha kwanza, ukuta. Cha pili, ukuta. Kila kigae kinachopasuka nami napasuka. Kule sebuleni nasikia watu wanapandisha viatu juu ya makochi, na jirani yetu, mama Kadzo, ameshaingia kwa mlango wa nyuma na ndoo mbili bila kuitwa, anakomba maji anamwaga uani huku akisema, "Pole mama Nasra, pole mama Nasra," kila ndoo na pole yake.

Ndipo akatoka Nasra. Yule aliyeambiwa asitoke mpaka aitwe, gauni la kijani amelipandisha amelifunga kiunoni, hina mikononi haijakauka. Hakumtazama mtu. "Si huko, baba! Mimi nilikuwapo fundi alipokuwa akiifunika. Nipe." Akauchukua mchi, akachutama kando ya choo, akampa kigae pigo moja, kikaanguka, na koki yangu nyekundu ikatokea ikiwa imekaa kimya kama haihusiki. Akaizungusha. Maji yakakata.

Tone, tone, tone. Bi Saada akamgeukia mama mkwe wake, kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia. "Mama, hata huku kwa watu? Si ungeuliza tu?"

Yule mzee akainamisha kichwa. Buibui limemganda mwilini. "Nisameheni," akasema. "Sikuona pa kutilia maguu. Nimevunda nyumba ya watu siku ya kheri."

Na hapa nataka mniamini: palikuwa na nafasi ya mimi kunyamaza. Lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe. Ningesema tu, "Haidhuru, mama, vitu ni vya kuvunjika," ningeonekana mwema, na bafu langu lingebaki na sifa yake. Lakini nilimtazama nikaona ule mguu wake, umekauka, una michirizi kisiginoni, bado ameuinua kwa kuogopa kuuweka chini aharibu kitu kingine.

Nikiwa bado nimekaa majini nikasema, "Bi Saada, usimwambie kitu. Aliyevunja ni mimi. Hapa palikuwa na birika na mfereji wa chini, watu wa nyumba hii walikuwa wakitilia udhu miaka na miaka, na mimi nikavitoa nipate kuwaonyesha nyinyi bafu la pichani. Mama hakukosea. Mimi ndiye niliyemkaribisha mahali ambapo hapakuwa na mahali pake."

Nikasimama (mara ya pili ndiyo nilifaulu), nikamshika Bi Tima tukatoka naye taratibu mpaka uani. Mama Kadzo akaleta kigoda na ndoo aliyokinga kwake. Nikamkalisha, nikachutama, nikammwagia maji miguuni kwa kopo, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Akaniwekea mkono kichwani. Tulikuwa sote wawili tumeloa, tukatazamana, na yeye ndiye aliyeanza. Kicheko cha Bi Tima hakina sauti, ni mabega tu yanayopanda na kushuka. Nami nikashindwa kujizuia, nikacheka mpaka nikalia, sijui kipi kilikuwa kipi.

Aliswali kwenye ukumbi wa mama Kadzo akiwa amevaa dera langu, na biriani ikaliwa huko huko, kwa sababu kwangu hapakuwa na pa kuweka sahani. Ilikuwa tamu, hilo walilikubali. Nasra alikaa pembeni ameinamisha uso, hina imemchafuka mikono yote, hakuna ua hata moja lililosalimika, na mimi kila nikimtazama najiambia nimemuharibia mwanangu.

Wakati wa kuaga Bi Saada akaniita kando. Akaniuliza, "Yule aliyeshika mchi, ndiye yeye?"

"Ndiye," nikasema. "Lakini kwa kawaida ana haya sana, wallahi."

"Kwetu mfereji unavuja tangu Ramadhani," akasema, uso wake haukucheka hata kidogo, "na nyumba imejaa wanaume wanatazamana tu. Tupeni huyu."

Harusi imefanyika. Wanawake wa Kisauni walipokuja na ngoma yao ya vugo, ile ya kuimbiana mafumbo, nikajua limekuja langu, maana walianza kunitazama kabla hata hawajafungua vinywa, kisha wakaimba, "Tulivuka Likoni kwa feri, kwa mama harusi tukavuka tena kwa miguu," ukumbi mzima ukaangua kicheko. Unadhani nilikimbia? Nilifunga leso kiunoni nikaingia katikati nikacheza, nikipandisha gauni kama mtu anayevuka maji, kwa kuwa aibu ukishaiona jinsi ilivyo haina tena pa kukupeleka.

Ila nimekoma. Fundi akija kwangu sasa, kabla hajafungua mkoba wake namketisha nampa chai, namwambia watakaoingia mle anamotaka kutengeneza ni kina nani, nani hawezi kuinua mguu, nani haoni vizuri, nani anaswali. Kisha ndiyo tunaongea habari ya rangi.