Siku Muhuri wa Kijiji Ulipopigwa Mnada

Aibu hii haijanitoka mpaka leo, na ukinikuta sokoni Morogoro mjini nashika karoti halafu naiachia ghafla, ujue nimekumbuka. Bora niwasimulie mwenyewe, maana huku milimani wameshaitia chumvi (eti nililia; sikulia, macho yalikuwa yanawasha tu).

Mimi ni mtendaji wa kijiji huku juu Uluguru, mtoto wa Kondoa, Muislamu, na wakati huo nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio kazini. Muhuri wa kijiji usiuone mdogo hivyo. Bila huo hupati kitambulisho, humdhamini mtu polisi, huuzi shamba likaeleweka. Ukinipotea, kazi sina, na polisi nakwenda kujieleza. Ndiyo maana niliufungia kabatini, ufunguo shingoni, na kila aliyeniomba niutoe nilimjibu, "Muhuri hautoki ofisini." Mzee Kobelo nilimjibu hivyo mara tatu. Mkewe amepooza, hawezi kushuka, na fomu yake ya kitambulisho cha taifa siwezi kuigonga bila kumwona, kwa hiyo mzee alitaka nipande kwake. Nikakataa, tena kwa sauti ya kiofisi kabisa.

Basi Jumamosi diwani akanipigia simu. Mpwa wake anarudi chuoni kesho, anataka barua ya utambulisho, "na kesho si tuko wote kwenye sherehe ya mavuno, kanisani pale kigangoni, Mtendaji? Njoo na muhuri tu, dakika moja." Nikasema sawa mheshimiwa. Sawa! Mdomo huu nao.

Jumapili nimevaa gauni la kitenge lisilo na mfuko hata mmoja, mkoba wangu zipu imekufa, roho haitulii, naona nitauangusha njiani, na Bibi Skola, mwenye nyumba wangu, alikuwa na kikapu cha karoti na njegere, nikajua anampelekea mtu baada ya misa, nikaufunga muhuri kwenye leso nikauzamisha chini kabisa bila kumwambia (siri ya serikali hiyo!). Kanisani tukakaa wageni mbele, mimi na diwani, na kila dakika nageuka kuangalia miguuni kwa Bibi Skola kama kikapu kipo.

Mara ngoma ikalia, watu wakainuka na mazao, na Bibi Skola naye huyo, kikapu kichwani, anacheza kuelekea altareni! Nikajituliza kwamba kitabarikiwa kitarudi. Nikamnong'oneza diwani, "Baadaye kila mtu anachukua chake?"

"Achukue wapi? Hayo ni matoleo, yanapigwa mnada hapo nje."

Padri alisema nini baada ya hapo, msiniulize.

Nje, katekista alikiinua kikapu kile, nami nikataja bei kabla hajamaliza kukisifia. Mzee Kobelo akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha tena, anasema mke wake anapenda njegere. Watu wakashangilia, "Mtendaji ana njaa leo!" na mimi natabasamu huku jasho linanitiririka mgongoni. Nilipofika mwisho wa nilichokuwa nacho, wanakijiji wakaanza kumchangia mzee, wakifurahi kuishinda serikali angalau siku moja. Akashinda.

Nikamkimbilia. "Shikamoo mzee, naomba nikubebee."

"Marahaba. Acha tu mwanangu, naweza."

Nikashika mshikio wa kikapu. Naye kashika. Yeye anavuta kwa adabu, mimi navuta kwa woga, mshikio ukakatika, karoti zikaserereka mteremkoni, na leso ikafunguka mbele ya viatu vya diwani. Muhuri ule, mchana kweupe.

Diwani akautazama, akanitazama. "Mtendaji, muhuri wa kijiji unafanya nini kwenye karoti?" Yeye! Na mpwa wake nyuma yake, barua mkononi. Nilitaka kumtaja palepale, nikaishia kuokota karoti.

Mzee Kobelo akainama polepole, akauokota, akaufuta kwa shati lake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kumbe huwa unatoka," akasema.

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoumia.

Barua ya mpwa sikuigonga, nikamwambia aje ofisini Jumatatu, na diwani hanisalimii vizuri tangu hapo. Halmashauri nao wakaniletea barua ya onyo na kuniongezea miezi ya majaribio. Lakini siku ileile nilipitia ofisini kuchukua fomu, nikapanda na mzee, viatu mkononi, nikidhani tutafika sasa hivi, kumbe bado kilima kingine. Mkewe alikuwa kitandani karibu na dirisha. Nikampa shikamoo, nikajitambulisha. Akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Ndiyo wewe? Nilidhani serikali ni mzee, mgonjwa kama mimi, ndiyo maana hapandi."

Nikaigonga fomu ile. Siku hizi kila Alhamisi nafunga ofisi napanda kwa wasioweza kushuka, nimeandika kwenye daftari la safari, muhuri nimeufunga kiunoni kwa kamba. Mnicheke mkitaka.