Zilipendwa za Doornfontein

Gitaa lilinifikia kabla ya mpigaji. Lilishuka kupitia dari la fundi cherehani, kule Doornfontein, Johannesburg, likikwaruza kama redio iliyokosa stesheni, nami nikabaki nimeshikilia vitambaa vya mama bila kusikia vipimo nilivyoulizwa. Mwaka ule, 2017, nilirudi kwa fundi mara nyingi kuliko nguo za mama zilivyohitaji.

Juu walikuwa watatu. Walipiga roki ya gereji, ile ya vijana wa miaka ya sitini: gitaa chafu, ngoma kavu, suti za kubana zilizoshonwa na fundi huyo huyo wa chini. Mpiga gitaa alitoka Lubumbashi. Aliniita mwalimu, akikicheka Kiswahili cha Morogoro nilichopewa na mama. Mimi nilimwita kaka, kwa kukosa ujasiri wa kumwita vingine.

Nduguye alikuwa amemtafutia kazi ya ulinzi Cape Town. "Nangojea kwanza albamu," aliniambia. "Wakiisifu, siendi." Basi nikaanza kununua magazeti ambayo kabla ya hapo sikuwahi kuyafungua.

Uhakiki ulitoka Jumapili. Kiingereza alikizungumza vizuri, ila kukisoma kulimchosha.

"Soma, mwalimu. Banasema nini?"

Mhakiki alisifu sauti, akasifu mapigo. Kisha akaweka neno moja la Kiingereza, la vitu vinavyojivika uzamani, nami sikuwa nalo kwa Kiswahili. Nikaazima la jikoni kwetu Kensington, ambako mama hupika akisikiliza nyimbo za ujana wake.

"Anasema ni zilipendwa."

Uso ukamng'aa. "Bantu balizipenda!"

"Hapana, kaka. Ndivyo tunavyoziita nyimbo za zamani."

"Kwenu wimbo ukizeeka, hamuupendi tena?"

"Tunaupenda sana."

"Sasa ile *zili* inatafuta nini pale? Mutoto hajatambaa bado, munaisha kumuzika!"

Alicheka sana. Mpiga ngoma, mzaliwa wa hapa asiyejua Kiswahili, akacheka naye. "Eish, kumbe wametusifu?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Endelea, mwalimu."

Nikasoma hadi mwisho. Mhakiki aliandika kwamba vijana hawa wanatamani wakati ambao hawakuwepo, na kutamani huko, hata kukipendeza, si muziki mpya. Nilitaka kubishana na gazeti. Baba, akiwa uhamishoni Morogoro, aliililia Johannesburg; mama, akiwa Johannesburg, anaililia Morogoro; na mimi nimelelewa katikati, nikitamani miji yote miwili kama walivyoisimulia wao. Kama hilo si jipya, basi hata mimi si mpya. Lakini maneno hayo yalinijia vizuri baadaye, nikiwa peke yangu na karatasi.

"Anasema kweli," alisema kaka, akachomoa waya wa gitaa. Mngurumo mdogo wa spika ukakatika. "Basi ni Cape Town. Na wewe? Unazionaje?"

"Nazipenda."

Nililisema polepole, nikitumaini atasikia na lile nisilolitamka.

"Asante sana, mwalimu," alisema, kwa lafudhi yangu, na safari hii hakuwa akinidhihaki.

Akavaa koti, akampiga mpiga ngoma begani kumuaga, "Sharp," akainua gitaa. Mlango wa pale juu ulikuwa wa chuma, mzito. Alitoka, akauvuta kwa mikono miwili hadi ukafungika.