Lilishe Gari Kabla Halijaja

Nakumbuka asubuhi moja nilipanda milimani Mgeta na maneno matamu mdomoni, kumwomba mjomba shamba. Mwanangu, sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mjini Morogoro kulikuwa na pikapu inauzwa. Nilikuwa nimeipigania bei mpaka mwenye nayo akaacha kuitika salamu zangu. Nikahesabu, nikarudia: tukiuza shamba la kabichi la mama, gari linakuwa letu, na kukodi lori la kupeleka mazao sokoni kumekwisha.

Mjomba alikuwa analima. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuweka jembe chini. Hakuwa mtu wa kusimamisha mkono kwa sababu ya sikio. Kisha akauliza hilo gari nimelijaribia wapi. Nikasema barabara ya Dar, linateleza kama samli. Akaitazama njia ya kwetu inavyojipinda kwenye mteremko.

“Umenunua bei, mpwa wangu. Gari bado.”

Wala hakunikatalia, hapo ndipo ninapomvulia kofia hadi leo. Alisema kila nikitoka sokoni, nikishalipa lori, nimpe mama akiba ya kile ambacho gari lingekula: tairi, breki, oili, bima, na cha fundi, maana fundi naye ana watoto. Masika yakipita sijakosa, yeye mwenyewe atauita ukoo tuzungumze shamba.

“Mjomba, nilishe gari ambalo sina?”

“Ukishindwa kumlisha asiyedai, anayedai utamweza?”

Nikaanza. Nilijaribu hata kujiombea punguzo, nikajiambia tairi tutaweka la mtumba. Lakini ukijipunja mwenyewe, faida anapata nani? Zikaja wiki kabichi zimeshuka bei, nikarudi na magunia matupu na mfuko wa kufanana nayo. Gari langu la hewani likalala njaa. Nikaelewa: soko lina siku zake, tumbo la gari halina.

Masika yalipokwisha, ile pikapu ilikuwa inauzwa tena, breki zimekwisha, kwa bei ya chini kuliko niliyoifikisha mimi. Hilo, nakiri, liliniuma kidogo.

Shamba sikuliomba tena. Niliendelea kulisha hadi akiba ya mama ikanunua gari jingine, zima. Wa kwanza kupanda alikuwa mjomba. Tulipoteremka aliinamisha kichwa dirishani, akisikiliza breki kona hadi kona. Tulipofika chini akaegemea kiti, akafunga macho.

“Limeshiba,” akasema.

Sijapata kusifiwa zaidi ya hapo.

Mwanangu, nasikia nawe umeona gari na bei imekulevya. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Bei utailipa mara moja. Gari utalilipa kila likiwaka, na hata likilala. Lilishe kwanza kabla halijaja, usijipunje, ndipo ukalichukue. Mungu akupe chombo cha kukupandisha na breki za kukurudisha, na kila ukirudi, shamba la mama yako ulikute lingali lako.