Nyumba ya Kando ya Lango

Nilitoka Lodwar juu ya lori la samaki wakavu, nimekaa kwenye magunia, na tulipofika Kitale nilikuwa nanuka kiasi kwamba mwenye hoteli aliniletea chai nje. Nikashuka hadi Kisumu, nikalala stendi, asubuhi nikapata gari la Oyugis, kisha pikipiki mpaka Kosele, huko Homa Bay. Safari ndefu nilishazizoea. Nimesukuma mkokoteni Isebania, nimechimba dhahabu Macalder, nimelinda mitambo ya visima huko jangwani. Popote nilipokuwa, Jumapili baada ya kanisa nilimpigia mtu mmoja simu. Kule Macalder ilibidi nipande juu ya lundo la mawe yaliyotolewa migodini ndipo mtandao ushike.

Mtu huyo alinifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari mjini Migori. Baba yangu alikuwa mchimbaji aliyefika Macalder kutoka mahali ambapo hakupenda kupataja. Shimo lilipomfukia, nikiwa kidato cha pili, hakuna aliyejua maiti ipelekwe boma gani. Tulimzika hukohuko. Mwalimu akanichukua kwake, mkewe na watoto wakiwa kijijini, mpaka nikamaliza shule. Alipostaafu alirudi kwao Kosele, na mke wake alipofariki sauti yake ya Jumapili ilianza kuwa nyembamba. Siku moja akaniambia, "Nyathina, njoo nyumbani." Ndivyo Wajaluo wanavyosema mwanangu. Hilo la mwanangu nilikuwa nimelizoea kwake. La nyumbani ndilo lililonipandisha kwenye lori.

Alinipokea mlangoni, akaninusa.

"Unaleta samaki Homa Bay? Kwani huko hawajasikia sisi tuna ziwa?"

"Nimeleta harufu tu, Mwalimu. Samaki wenyewe wameshuka Kitale."

Nilidhani ningekaa siku chache. Lakini magugu yalikuwa yamelimeza shamba la mahindi, na ng'ombe walikamuliwa na yeyote aliyepita. Nikapalilia, nikakamua, nikarekebisha ua. Jioni aliwasha redio na kunitaka nimsimulie nilikopita, huku kidole chake kikinifuata kwenye ramani ya Kenya aliyoitundika sebuleni. Nikikosea njia alinirudisha. "Huwezi kutoka Kapenguria ukaingia hapo. Umeruka mlima mzima."

Asubuhi moja alitoka na jembe. Akaenda upande wa kushoto wa lango, akapima kwa macho, akachimba shimo la nguzo ya kwanza kwa mikono yake, akihema. Mahali hapo ndipo kijana wa boma hujenga simba, nyumba yake ya kwanza, na baba ndiye humwonyesha na kumwanzishia. Nilikulia migodini, ambako mtu hulala anapopata, lakini hata mimi nilijua hilo. Nilisimama na nguzo begani, nikimtazama akichimba.

Jirani yetu, mjane anayeuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, alikuwa akipita na beseni lake kichwani.

"Mwalimu, simba ya mtu mwenye mvi?"

"Alichelewa njiani," Mwalimu akamjibu.

Mjane alicheka mpaka akashika beseni. Alirudi baadaye kunisaidia kukanda udongo. Nilipopiga msumari wa mwisho kwenye mabati, nilikuwa na mlango wangu kwa mara ya kwanza maishani. Nilivuna hapo, nikapanda tena, nikavuna tena. Jumapili sikuwa na mtu wa kumpigia simu.

Mwezi wa Desemba wanawe wawili walikuja kutoka Nairobi kukubaliana juu ya kugawa shamba. Wazee wa ukoo waliitwa, viti vya plastiki vikajaa sebuleni. Mjane alikuwa akisaidia kupika, mimi nikapitisha chai. Mwana mkubwa akaelekeza kidole dirishani.

"Baba, ni nani huyo amejengewa simba hapo langoni?"

Mwalimu alitazama kikombe chake.

"Ile si simba. Ni nyumba ya mlinzi. Ng'ombe walikuwa wanaibwa."

"Si nilikwambia?" mdogo akamwambia kaka yake. "Mlinzi. Na chai anaijua."

Hakuna ng'ombe aliyewahi kuibwa katika boma lile. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na chupa ya chai mkononi. Mzee mmoja, ambaye labda hakuridhika, akauliza, "Shimo la kwanza alichimba nani?"

"Alichimba mlinzi mwenyewe," Mwalimu akasema.

Mjane alikuwa mlangoni na sinia. Nilimtazama. Akageuka akarudi jikoni. Mzee akatikisa kichwa kukubali, wakaendelea na mipaka.

Kama angesema ardhi ni ya wanawe, nisingekuwa na neno. Sikutaka hata kipande. Nilitaka lile shimo moja tu libaki lake.

Wanawe walipoondoka kesho yake, alinijia nikiwa nafunga mkoba.

"Usichukulie vibaya. Hao ndio wananinunulia dawa za presha. Ningesema ni simba, wangesema nimewaongezea ndugu wa kugawana naye. Wewe kaa. Wameshaenda, mambo ni yaleyale."

"Nikae kama nani, Mwalimu?"

Alipangusa miwani yake kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Kaa tu."

Mwana mkubwa alikuwa ameacha ruhusa niezue mabati yangu niende nayo. Niliyaacha. Nikafunga mlango, nikampa Mwalimu ufunguo, naye akaupokea.

"Utanipigia Jumapili?"

"Niendako mtandao ni shida."

"Si utapanda kilima, kama Macalder?"

Niliinama nikafunga viatu. Alichukua fimbo yake, akachukua na mkoba wangu pia. Tangu nijenge, nikienda Oyugis au Migori, yeye alibaki kitini akaniinulia mkono, basi, maana anayesindikizwa hadi barabarani ni mgeni. Siku hiyo alitembea nami polepole, akapita lango, akapita nyumba yangu bila kuitazama, mpaka kwenye lami. Akasimama nami hadi gari lilipokuja. Akalipungia lisimame, akanipa mkoba, akanitakia safari njema.