Wana, Jisevieni

Mdogo wangu alifungiwa ukurasa wake kwa kosa la kuiba Mlima Meru ambao aliutengeneza mwenyewe. Ujumbe ulikuja kwa Kiingereza kilichonyooka, hauna hasira wala salamu: kazi hii ni mali ya mtu mwingine, imeondolewa, ukirudia akaunti itafutwa kabisa. Alinisomea akiwa amesimama mlangoni kwangu, bado amevaa sare ya kliniki ya macho anakofanya kazi ya mapokezi. Nikamwambia asome tena, kwa sababu nilidhani amekosea mahali. Hakuwa amekosea.

Nirudi nyuma kidogo ili ieleweke.

Kuna gemu ya kompyuta ya kuendesha malori. Kampuni iliyoitengeneza iko ng'ambo, na inawaruhusu mashabiki kuongeza vitu vyao ndani yake: barabara, madaraja, rangi za magari, hata honi. Sharti ni kwamba unatengeneza na kugawana na wenzako, ila huuzi. Mdogo wangu aliinunua ili apumzishe akili, akaishia kuichosha zaidi. Barabara za mle zilimkera. Zimenyooka, safi, hakuna hata mbuzi. Akaanza kutengeneza ya kwetu: kutoka Kikwe nyumbani kwa shangazi, kupanda hadi Usa River, kuvuka barabara kuu, kisha juu mpaka Momela, mlima ukiwa upande wa kushoto.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa naombwa nimpeleke kupiga picha. Meru ukiutazama kutoka mjini ni pembe moja iliyotulia. Ukiuzunguka hadi Momela unakuta umebomoka ubavu mzima, na yeye alitaka ubomoke sawasawa. Mimi nilikaa kwenye gari nakula mahindi ya kuchoma, yeye anapiga picha jabali lile lile mpaka mawingu yanalifunika, halafu ananilaumu kwamba tumechelewa kutoka mjini.

Alipomaliza aliuweka kwenye mtandao wa mashabiki wa gemu hiyo, bure, na chini yake akaandika: "Wana, mlima huo hapo. Jisevieni." Wana, yaani washkaji wenzake wa kundi lile la mashabiki. Hakuandika kingine. Watu wakajisevia kweli. Wapo waliomwandikia kutoka mbali, wazaliwa wa huku, wakisema wameendesha lori mpaka karibu na kwao, wakazima injini, wakakaa tu. Ujumbe wa namna hiyo alikuwa ananisomea wakati napika, na ilibidi niache mwiko nisikilize.

Kisha kampuni moja ya hapa mjini ikatoa gemu ya simu, ya kulipia, ya kuwazungusha watalii kwa gari. Mwenzake wa kliniki ndiye aliyemwonyesha. Mlima ulikuwa ule ule, na kule Kikwe ilisimama nyumba ya shangazi na tenki lake la maji lililoinama upande, kwa sababu fundi alijenga jukwaa lake kombo. Hawakuhangaika hata kulinyoosha. Mwanzoni mdogo wangu hakukasirika. Alifurahi, akawaonyesha na wagonjwa. Hasira ilikuja pale ukurasa ulipofungwa.

Tuliwafuata ofisini kwao, kata ya Sokon I, ghorofani juu ya duka la vipuri. Meneja ni kijana mchangamfu, hodari wa kukaribisha watu maji ya chupa.

"Shikamoo mama," akaniambia.

"Marahaba. Tumekuja kuhusu mlima."

Akamgeukia mdogo wangu. "Sista, kazi yako ni moto. Sisi hapa wote mashabiki wako."

"Basi nifungulieni ukurasa wangu."

"Ule hatukuufunga sisi, ni mashine ya mtandao inayokagua wizi. Sisi tuliisajili gemu yetu kule mtandaoni, isiibwe. Mashine ikaona vyako na vyetu vinafanana."

"Vinafanana kwa sababu ni kitu kimoja. Mmekitoa kwangu."

"Tulikaribishwa." Akatugeuzia simu yake tusome. "Si uliandika mwenyewe? Wana, jisevieni."

"Niliandika wana."

"Na sisi ni wana."

Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa anamaanisha. Nikamuuliza kampuni yenye muhuri, namba ya mlipakodi na mlinzi getini inakuwaje mwana. Akafikiri kidogo.

"Mama, shikamoo tena," akasema.

Nikaitikia, maana ningefanyaje. Mdogo wangu akamwambia hataki makubwa. Anataka waiandikie ile mashine kwamba mlima ni wake, urudi chini ya jina lake. Meneja akasema ombi ni zuri sana, atalifikisha kwa wakubwa. Mkubwa mwenyewe ni shemeji yake na alikuwa chumba cha pili. Tulikuwa tunamsikia anakohoa. Tulimwomba meneja tuonane naye kwa vile yupo, tukaambiwa ametoka.

Baada ya hapo tulipiga simu, tukaandika, tukapita tena mlangoni. Kila mara ombi lilikuwa bado linapelekwa. Mimi nilianza kuota ndoto za ngazi zile za ofisi yao.

Tukaenda kwa wakili, mama mmoja wa Kihindi ambaye familia yao imeuza vitambaa hapa mjini tangu babu yangu akiwa kijana. Alisoma maneno ya mdogo wangu, akatabasamu.

"Kumwambia mtu ajisevie si kumpa jiko," alisema. "Harusini nikikuambia jisevie, unachukua sahani. Hubebi sufuria. Na humzuii mwenye shughuli asiingie jikoni kwake."

Mdogo wangu akacheka, na sikumbuki alikuwa amecheka lini kabla ya hapo. Wakili akatueleza taratibu. Hakimiliki inaanza pale mtu anapotengeneza kitu, hata kama hajakisajili popote. Kumruhusu mwingine akitumie ni jambo moja, kumhamishia umiliki ni jambo jingine, na hilo la pili halifanyiki kwa maneno ya kundini. Alikuwa anaandika huku anaongea.

"Sasa nijibu ili tuwaandikie. Mlima wote ni wako?"

"Wote."

"Na majani?"

Mdogo wangu akanitazama mimi, kana kwamba najua. "Majani ni ya gemu yenyewe. Na udongo."

"Na hii migomba?"

"Migomba ni ya jamaa mmoja wa kwenye kundi letu."

"Alikuruhusu?"

"Alisema tujisevie."

Wakili akaweka kalamu chini.

"Lakini yule ni mwana kweli," mdogo wangu akaongeza, kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo tulipokwama. Ili ukurasa ufunguliwe, ni lazima atamke kwamba kazi yote ni yake. Akisema ndiyo, amedanganya kuhusu udongo na migomba. Akisema siyo, mashine inaendelea kuamini kwamba ni ya wale wa Sokon I, ambao udongo na migomba si vyao pia, na mlima si wao, ila wao walitamka bila kusita. Wenye nguvu ya kuwasimamisha wasiuze ni ile kampuni ya ng'ambo, kwa sababu masharti ya kutouza ni yake. Lakini ikiamshwa, wakili alisema, inaweza kuamua kwamba kila kilichosimama juu ya udongo wake kiondolewe, na hapo mlima wa mdogo wangu unaondoka pamoja na wa wezi wake.

"Si uubadilishe udongo?" nilimwambia tukiwa njiani kurudi. "Utengeneze wako, na migomba yako."

"Dada, wewe unafikiri ni kupaka rangi ukuta? Na nikishatengeneza upya, mashine itasema nimewaiga wao."

Nikawasha redio, akaizima.

Aliyetengeneza migomba tumemwandikia mara nyingi kuomba ruhusa ya maandishi. Picha yake ipo, jina lake la kundini lipo, yeye hajibu. Kule Sokon I ombi bado linapelekwa kwa wakubwa, na gemu yao inaendelea kuuzwa.

Barua ya kwenda kwa ile kampuni ya ng'ambo, kuiomba iwazuie wale wasiuze, tuliiandika mezani kwangu, nikaisahihisha Kiingereza, mdogo wangu akaisoma kwa sauti mpaka mwisho na kusema iko sawa. Nafasi ya kujitetea kuhusu ukurasa inafungwa mwisho wa mwezi huu. Barua iko kwenye simu yake, na hajaituma.